Kengele hewa

Wiki iliyopita nilikaa saa nzima kwenye semina ya mtandaoni nikimsikiliza bwana mmoja akinadi kihisi chake. (Naandika kihisi kwa makusudi. Nikiandika sensa mtadhani tunakuja kuhesabiwa.) Kidude chenyewe ni kidogo, kinatundikwa ukutani, kinanusa hewa usiku na mchana, na eti kinatambua gesi za neva (zile zinazoshambulia mishipa ya fahamu), klorini, sianidi na vijidudu kadhaa vya kutisha, kimeta kikiongoza orodha kama kawaida yake. Slaidi ya tatu ikaja na maandishi makubwa ya kijani: USAHIHI ASILIMIA 99.9. Vidole gumba vikamiminika kwenye skrini. Mimi nikazima kamera ili uso wangu usinitie aibu.

Nimekula miaka kadhaa nikitengeneza modeli za jinsi sumu inavyosambaa hewani, na hii namba ya 99.9 nimeikuta kila mahali. Haina maana yoyote ukiitaja peke yake. Tupige pamoja hesabu ambayo yule bwana hakuipiga.

Tuseme tumetundika vihisi 500 kwenye vituo vya treni na majengo ya umma. Kila kimoja kinapima hewa kila dakika 10, yaani mara 144 kwa siku. Vyote pamoja vinatupa vipimo 72,000 kila siku. Kihisi kinachokosea mara moja tu katika 1,000 kitatuletea kengele 72 za bure kwa siku. Kengele moja kila dakika 20, sikukuu zikiwemo. Sasa tuseme shambulio la kweli hutokea mara moja katika miaka 10, na hapo nimewakadiria magaidi kwa ukarimu. Katika miaka hiyo utasikia kengele 262,800 zisizo na kitu, na moja yenye kitu. Aliye zamu ataijuaje?

Tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa. Hizi ni kengele hewa, tena hewa kwa maana zote mbili.

Na msiniambie "basi tukiboreshe". Kiboresheni mara 100, kikosee mara moja katika 100,000. Bado mna kengele tano kwa wiki. Nani atafunga kituo cha treni mara tano kwa wiki? Wiki ya kwanza mkuu wa kituo atafunga. Wiki ya pili atapiga simu kwanza kuuliza. Wiki ya tatu atakuwa anatafuta waya wa kukata. Wengine husema tuweke vihisi viwili vya aina tofauti na tusiamini hadi vikubaliane, maana moja ya elfu mara moja ya elfu ni moja ya milioni. Kwenye karatasi, sawa. Lakini hesabu hiyo inadai makosa ya hivi viwili yasihusiane, na vumbi zito au moshi wa dizeli haujui kwamba ulitakiwa umdanganye mmoja tu.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, sitapataja, kulikuwa na kihisi cha gesi kwenye korido ya maabara. Kilikuwa kikilia kila mhudumu alipofuta meza kwa spiriti. Mara ya kwanza tulitoka nje sote, tukahesabiwa uwanjani kama wanafunzi. Mara ya pili tulitoka tukinung'unika. Mara ya tatu tulisimama dirishani tukiangalia kama wengine wanatoka. Kisha siku moja nikakikuta kimevalishwa soksi. Soksi ya kijivu, safi, imefungwa kwa mpira. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Na kwa kuwa leo nimeamua kusema ukweli: hata mimi sikuivua. Nilipita chini yake kila siku kwa miezi, mtu niliyesomea mambo haya. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na ng'ombe nilikuwa mimi.

Kwa nini vinadanganyika? Vihisi vingi vya mkononi vya kemikali huzipa molekuli chaji, kisha huzikimbiza kwenye uga wa umeme na kupima zimetumia milisekunde ngapi kufika mwisho. Wazo zuri, jepesi, la haraka. Tatizo ni kwamba molekuli mbili zisizo na undugu wowote zinaweza kufika kwa pamoja, na mashine inaona wakati tu, haioni sura. Kile kifaa cha Uingereza kiitwacho CAM, ambacho majeshi mengi yamekitumia, kinafahamika kwa kudanganywa na marashi, losheni za kunyolea na pipi za mentholi. Yaani askari mwenye mafua anayemumunya pipi yake ni shambulio la kemikali. Upande wa vijidudu hali si nafuu: vifaa vya haraka humulika chembe kwa mwanga wa urujuanimno na kuangalia kama inang'aa kama kitu chenye uhai. Chavua nayo ina uhai, jamani.

Kwenye Vita vya Ghuba mwaka 1991, kengele za jeshi la Marekani za kugundua gesi za neva, ziitwazo M8A1, zililia maelfu ya mara. Moshi, vumbi, betri inayokaribia kuisha, kila kitu kiliziamsha. Askari wakavaa vinyago, wakavua, wakavaa, na mwishowe wengine wakaacha kuvaa. Vita vikaisha, watu wakaanza kuugua, na mwaka 1996 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikakiri kwamba wanajeshi waliolipua maghala ya silaha ya Khamisiyah, Iraki, Machi 1991, huenda waliguswa na sarini, gesi ya neva, iliyokuwa ndani ya roketi. Sasa rudi kwenye zile kengele elfu kadhaa ukatafute ya kweli.

Marekani hawakukoma hapo. Baada ya barua za kimeta za mwaka 2001, zilizoua watu 5 na kuwaambukiza wengine 17, walianzisha BioWatch mwaka 2003: vichujio vya hewa katika miji zaidi ya 30, ambavyo mtu huvikusanya kwa mkono na kuvipeleka maabara. Majibu hutoka baada ya saa 12 hadi 36. Hadi mwaka 2014 mfumo ulikuwa umetoa majibu chanya zaidi ya 100, na hakuna hata moja lililotokana na shambulio. Mengi yalikuwa bakteria wa asili waliojiishia zao udongoni, ndugu wa karibu wa yule anayetafutwa. Toleo jipya la kujiendesha lenyewe lilifutwa mwaka huohuo wa 2014 baada ya kula fedha na miaka.

Nikubali kitu kimoja, ingawa kinaniuma. Kwa kimeta, kuchelewa kwa siku moja si mwisho wa dunia, kwa sababu ugonjwa huchukua siku kadhaa kujitokeza na dawa zikitolewa mapema huokoa. Huko ni kugundua ili kutibu. Kwa sarini una dakika chache, na huko ni kugundua ili kukimbia. Ni kazi mbili tofauti kabisa, na mtu anayeziuza ndani ya boksi moja kwa namba moja ya usahihi anatutania. Nikubali na la pili: mashine ya kupima hewa inayozunguka kwenye mitambo ya kuchambua barua ya posta ya Marekani ni wazo la watu wenye akili. Inajua inatafuta nini, wapi, kwenye kitu gani. Inatumia teknolojia ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu kwenye hospitali nyingi duniani. Kazi finyu, swali moja, jibu moja. Wauzaji hawapendi kazi finyu.

Tokyo sasa, maana hapo ndipo hasira zangu hugeuka kuwa kitu kingine. Asubuhi ya 20 Machi 1995, wafuasi wa Aum Shinrikyo, kikundi cha kidini cha Kijapani, waliachia sarini kwenye treni tano za chini ya ardhi. Kikosi cha zimamoto kilikuwa na kifaa. Kikapima. Kikasema ni asetonitraili, kiyeyushi cha kawaida cha maabara. Taarifa hiyo ikapelekwa hospitalini, ambako madaktari walikuwa wakiangalia mboni za macho zilizosinyaa kama ncha ya sindano na kujua kwamba hilo haliingii akilini. Na mmoja wa waliowasaidia kwa haraka alikuwa daktari wa Chuo Kikuu cha Shinshu, aliyewatibu waathirika wa sarini katika mji wa Matsumoto mwaka uliotangulia. Aliona habari kwenye televisheni, akatambua dalili, akazipigia simu hospitali za Tokyo. Polisi walithibitisha sarini yapata saa tatu baada ya shambulio. Watu 14 wamekufa kutokana na siku ile, wa mwisho mwaka 2020, baada ya kulala kitandani miaka 25.

Kihisi bora cha siku ile kilikuwa daktari aliyekuwa anaangalia televisheni. Mwaka 2001 huko Florida, kwenye zile barua za kimeta, kilikuwa daktari aliyetazama maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa kwenye hadubini na kukataa kupuuza alichokiona. Wekeni bei ya hiyo kwenye slaidi.

Tuje kwenye modeli, maana najua mtasema mwamba ngoma huvutia kwake. Hapana, huku nako kuna madudu. Modeli nzuri ninayoipenda kuliko zote ilitengenezwa kwa kuuliza wajane. Aprili 1979 watu walianza kufa kwa kimeta katika mji wa Sverdlovsk, Umoja wa Kisovieti, na serikali ikasema ni nyama yenye ugonjwa. Mwaka 1992 Rais Yeltsin wa Urusi akakiri kwamba jeshi lilihusika. Mwanabiolojia wa Marekani, Matthew Meselson, na wenzake wakaenda huko, wakaziuliza familia marehemu wao alikuwa wapi mchana wa siku zile, wakaweka nukta kwenye ramani. Nukta zikajipanga kwenye ukanda mwembamba wa kilomita 4 hivi, kutoka kituo cha kijeshi kwenda kusini-mashariki. Mifugo iliyokufa ikaendeleza mstari uleule hadi kilomita 50. Wakachukua kumbukumbu za upepo za uwanja wa ndege, na siku inayolingana ikajitokeza: Jumatatu, 2 Aprili. Watu wasiopungua 66 walikuwa wamekufa, na upepo ndio ulioshuhudia dhidi ya serikali.

Linganisha na Khamisiyah. Hapo hakuna aliyejua kwa uhakika kiasi gani cha sarini kilitoka, na takwimu za hali ya hewa za jangwani zilikuwa chache. Hata hivyo modeli ikaendeshwa, ikachora wingu, na mwaka 1997 karibu wanajeshi 100,000 wakaambiwa huenda waliguswa. Mwaka 2000 modeli ikarekebishwa. Jumla ikabaki karibu ileile, ila makumi ya maelfu ya majina yakatoka na makumi ya maelfu mengine yakaingia. Fikiria umepokea barua ya kwanza, umeishi nayo miaka mitatu, kisha inakuja ya pili inayosema samahani, hukuwemo. Mwaka 2004 wakaguzi wa Bunge la Marekani wakasema wazi kwamba modeli zile haziwezi kutegemewa kuamua nani aliguswa na nani hakuguswa. Rangi za lile wingu zilikuwa nzuri sana lakini.

Ndiyo maana ninapoona mtu anapanga mahali pa kutundika vihisi kwa modeli ya moshi uliotulia unaopanuka taratibu juu ya uwanja tambarare, natamani nimpeleke asimame kwenye kona ya majengo marefu siku ya upepo. Hewa huko inazunguka, inarudi nyuma, inapanda ukuta. Chini ya ardhi treni inaisukuma kama pistoni. Ukikosea mahali pa kutundika, usahihi wa 99.9 utakuwa wa hewa safi. Na modeli zote hizi, zangu zikiwemo, zinaishia pale kihisi kinapolia. Hakuna mlinganyo wa mtu wa zamu. Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984, kiwanda cha viuatilifu kilipovuja gesi ya sumu, king'ora cha kuwaonya wananchi kililia kidogo kikazimwa, kwa sababu utaratibu uliowekwa ulikuwa ni kutowatia watu hofu kwa mivujo midogo. Gesi ilionekana, king'ora kilikuwepo, na maelfu walikufa. Modeli gani ina kigezo cha kidole kinachozima king'ora?

(Akili mnemba itamaliza haya yote, najua. Imefunzwa kwa mashambulio mangapi ya kweli? Tuendelee.)

Mwisho wa semina niliandika swali moja: kikiwa kimetundikwa kwenye kituo halisi, watu wanapita, sakafu inadekiwa, hakuna shambulio lolote, kinalia mara ngapi kwa wiki? Bwana akatabasamu. "Inategemea mazingira." Mazingira yapi, na mara ngapi? Muda ukawa umekwisha. Nimemtumia barua pepe mbili tangu siku ile. Ya kwanza ilijibiwa na mashine, iliyonishukuru kwa kuonyesha nia ya kununua.