Usiilaumu zeituni, chunguza kostiki na maji

Mvua za Machi zikishika Kampala, malalamiko ya sisi tunaopika sabuni ya mafuta ya zeituni nyumbani huwa yale yale. Vipande vilikatwa vikiwa vyeupe, safi, vikapangwa vikauke. Baada ya wiki kadhaa vimetoka madoa ya rangi ya machungwa, na ukivinusa vinatoa harufu ya karanga zilizochacha. Mshtakiwa wa kwanza ni mafuta: "Nimeuziwa zeituni feki." Mtu ananunua chupa ya bei kali zaidi, anapika upya, na madoa yanarudi vile vile.

Zeituni feki zipo, sikatai. Kuna chupa zenye picha ya tawi la mzeituni mbele na maandishi madogo nyuma yanayotaja soya au alizeti, kwa hiyo geuza chupa usome kabla ya kulipa. Lakini zeituni halisi ni mafuta magumu kuchacha. Asilimia 55 hadi 83 yake ni asidi ya oleiki, ambayo huvumilia hewa kuliko asidi ya linoleiki iliyo nyingi kwenye alizeti ya kawaida. Mafuta ya namna hiyo yakiharibika ndani ya wiki chache, mimi natafuta kilichoyaharibu.

Doa ni mahali ambapo mafuta yasiyogeuka kuwa sabuni yamekutana na oksijeni. Kwa hiyo swali la kwanza ni: mafuta mangapi yamebaki bila kugeuka? Kila mtu atakujibu, "Asilimia tano, niliyoyaacha makusudi yalainishe ngozi, ndivyo nilivyopiga hesabu." Hesabu ni sawa. Kinachodanganya ni kostiki, yaani sodiamu haidroksaidi, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Ukienda Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla ya Kampala, utakuta gunia limefunguliwa, muuzaji anachota kwa kikombe, anafunga kwenye kavera (mfuko wa plastiki), na gunia linabaki wazi hadi mteja mwingine afike. Kostiki hunywa unyevu wa hewani na kuvuta hewa ya ukaa, na sehemu yake hugeuka kuwa kitu kingine kisicho na nguvu ya kugeuza mafuta. Mizani haijui hilo, inapima uzito tu.

Chukua kilo moja ya zeituni. Ili igeuke yote inahitaji gramu kama 135 za kostiki. Ukipunguza asilimia tano unapima gramu 128. Kama kostiki yako imebaki na nguvu ya asilimia 93 tu, kwa kweli umeweka gramu 119, na mafuta yasiyogeuka ni karibu asilimia 12. Hapo hata zeituni ya Hispania iliyokamuliwa juzi itakuaibisha. Nunua kostiki iliyofungwa kiwandani, ifungue siku ya kupika, na inayobaki itie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, mbali na watoto.

Na hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu. Mtindo wa kujisifu kwamba sabuni yangu ina asilimia nane au kumi ya mafuta ya ziada ili ilainishe ngozi, kwa hali ya hewa ya kando ya Ziwa Victoria, ni kujitafutia madoa. Sabuni ya zeituni ni pole kwa ngozi hata bila mbwembwe hizo. Asilimia tano yatosha, na msimu wa mvua mimi nashuka hadi nne.

Baada ya kostiki, maji. Chuma na shaba, hata kwa kiasi kidogo mno, huharakisha kuchacha. Visima vingi vya pampu vijijini vina mabomba ya chuma yanayoliwa na kutu, na dalili tunazijua: nguo nyeupe zinageuka rangi, chai inakuwa nyeusi. Maji hayo hayafai kwa sabuni hii. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati yenye kutu pia hayafai. Tumia maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa mara mbili, maana jirani yake kwenye rafu huwa asidi ya betri, na asidi hiyo ikikutana na kostiki italipuka usoni. Sufuria iwe ya stenlesi. Aluminiamu huliwa na kostiki na kutoa hewa inayowaka.

Niliwahi kuonyeshwa vipande ambavyo madoa yake yalijipanga kwa mistari, umbali sawa, kama vimechorwa kwa rula. Ukigeuza kipande, upande wa juu ni safi kabisa. Mwenyewe alikuwa anakaushia juu ya wavu wa senyenge, na kila palipogusa waya pametoka doa. Zeituni haijipangi kwa mistari. Weka mbao kavu na karatasi juu yake, na shika vipande kwa glavu, kwa sababu jasho la vidole nalo huacha alama.

Anayetaka kinga zaidi atie asidi ya sitriki, gramu 10 kwa kila kilo ya mafuta, iyeyushwe kwenye maji kabla ya kostiki. Inakamata madini yaliyopenya. Ila nayo inakula kostiki, gramu sita hivi kwa kila gramu 10, kwa hiyo ongeza hizo sita, la sivyo umerudi kwenye tatizo la mwanzo. Vidonge vya vitamini E vinavyopasuliwa na kukamuliwa ndani ya sufuria naviona ni hasara tupu.

Ushauri wa kukausha sabuni ya zeituni mwaka mzima umeandikwa na watu wenye nyumba kavu. Glisirini iliyomo huvuta maji ya hewani, na sabuni inayotoa jasho kila jioni haizidi kuiva. Wiki sita hadi nane chumbani penye upepo, kisha ifunge kwa karatasi. Usiifunge kwa kavera.

Vipande vilivyokwisha kutoka madoa havina sumu. Kata doa, fulia vitambaa vya jikoni. Kuvisaga na kuvitia kwenye sabuni mpya ili vipotelee humo ni kosa, kwa sababu mafuta yaliyochacha huambukiza yale mazima, na mteja wako atauona ugonjwa huo bafuni kwake.