Mwenye mshahara hulipa kwa mwezi, mama mboga hulipa kwa mwaka

Kila zinapotolewa takwimu za Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, inayosimamia bima ya afya ya taifa, habari huwa ni ile ile: mamilioni ya Wakenya wamejisajili, lakini katika sekta isiyo rasmi waliolipa ni wachache. Lawama nazo humwangukia mama mboga, mwanabodaboda na mkulima mdogo. Wanapenda vya bure, husemwa, wanangoja waugue ndipo wakumbuke bima. Nimeyasikia haya kwa watu ninaowaheshimu, na naona wanamdhulumu mtu asiyekuwepo kujitetea.

Hoja yao ina uzito. Bima husimama kwa michango ya walio wazima. Enzi za NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, asiye na mwajiri alitozwa Sh500 kwa mwezi, na wapo waliolipa mimba ilipoingia au mzazi alipolazwa, kisha wakatoweka. Hakuna hazina inayoweza kudumu hivyo. Ndiyo maana mfumo mpya, ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024, unamtaka asiye na mshahara alipe mwaka mzima kwa mkupuo. Kupima uwezo wa kila kaya pia ni wazo jema, maana ile Sh500 ilimtoza mwenye duka la jumla sawa na mchuuzi wa karanga. Siku hizi kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, kisipungue Sh300 kwa mwezi.

Hiyo Sh300 ndiyo hutajwa majukwaani. Nani atakosa Sh300? Lakini hakuna anayeitwa kulipa Sh300. Anaitwa kulipa Sh3,600, leo. Kwa hesabu ya mwaka amepunguziwa kweli, kwani NHIF ingemgharimu Sh6,000. Kwa hesabu ya mfuko wake amepandishiwa mara saba, kutoka Sh500 alizoweza kuzikusanya mwezi huu hadi 3,600 ambazo hajawahi kuzishika pamoja bila deni kuzisubiri. Huyu huishi kwa kadogo: mafuta ya kupimiwa, unga wa kikombe, tokeni za stima za Sh50. Kodi ya nyumba hulipa kwa mwezi, karo ya mtoto kwa muhula. Hana kitu anachonunua cha mwaka mzima, isipokuwa hii bima.

Sasa mtazame mwenzake wa ofisini anayepata Sh50,000. Hukatwa Sh1,375 kila mwezi kabla hajauona mshahara. Lau angeambiwa alete Sh16,500 zote Januari, karo ikimkodolea macho, naamini takwimu zingemwonyesha naye kuwa mkaidi. Mwenye kipato cha uhakika amepewa nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Asiye na uhakika wa kesho ndiye anayedaiwa miezi kumi na miwili ijayo.

Kipimo chenyewe cha uwezo wa kaya nacho kina kasoro. Mwenye mshahara hupimwa kwa mshahara. Asiye na mshahara huulizwa kuhusu kuta, paa, sakafu, choo, maji, anachopikia na mifugo yake. Maswali hayo husaidia pale ambapo hakuna stakabadhi za mapato, na sioni njia rahisi ya kuyaepuka kabisa. Ila nyumba husimulia pesa za zamani. Fikiria mjane aliyeachiwa nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji, naye sasa anaishi kwa kufulia watu nguo. Akiulizwa, atajibu ukweli mtupu, na ukweli huo utampandishia mchango. Kwenye zahanati na kituo cha afya atatibiwa bure mradi amejisajili. Taabu inaanza bintiye atakapohitaji kujifungua kwa upasuaji katika hospitali ya Level 4, ngazi iliyo juu ya kituo cha afya. SHA hulipia upasuaji huo Sh30,000, lakini kwa aliyekamilisha mchango wake tu.

Serikali imeona tatizo. Mwaka 2025 ilileta Lipa SHA Pole Pole, mpango wa mkopo wa kulipia mchango na kuurejesha kwa awamu. Ni hatua, nami naipokea kama kukiri kwamba mkupuo ulikuwa mzito. Lakini kwa nini mtu akope ili apewe nafasi ambayo mwajiriwa hupewa bila deni? Mwaka huo huo Rais William Ruto alitangaza kuwalipia wasiojiweza milioni 2.2. Hao wameshikwa mkono, na ni jambo la kushukuriwa. Wanaobaki ni wale walio hatua moja juu yao, ambao si mafukara wa kulipiwa wala hawana akiba ya kujilipia.

Hofu ya watu kuingia wakiugua na kutoka wakipona ina dawa nyingine: mchango upokelewe kila mwezi, na aliyeacha akirudi angoje kwa muda kabla ya kugharamiwa kulazwa. Mkulima wa majani chai aruhusiwe kuchagua tarehe yake, bonasi inapoingia, badala ya siku aliyobahatika kujisajili. Mwanabodaboda hana bonasi wala msimu, lakini kila jioni ana simu mkononi na Sh10 ambazo hatazijutia. Kwa mwaka hiyo ni Sh3,650, mchango wa chini kabisa na hamsini juu.