Uholanzi wanauliza, kwetu tunanyamazisha

Nikipiga simu nyumbani Ng'ambo, mjini Unguja, siku hizi naulizwa: hivi kweli huko Uholanzi unakoishi daktari anamsaidia mgonjwa wa akili afe? Ni kweli. Sheria ya Uholanzi ilianza kutumika Aprili 2002. Mwaka 2024 watu 9,958 walikufa kwa njia hiyo, 219 kati yao kwa sababu ya maradhi ya akili. Mwaka wa nyuma walikuwa 138. Mimi ni Muislamu, siikubali, na namna idadi inavyopanda inanitisha. Watafiti waliopitia ripoti za wagonjwa 66 wa aina hii, wa kati ya 2011 na 2014, waliona wengi ni wanawake na wengi walielezwa kuwa wapweke. Karibu robo yao, madaktari wenyewe hawakuafikiana. Mpweke anahitaji watu kwanza, na hilo nawaambia hata Waholanzi ninaofanya nao kazi.

Lakini kuna jambo nililoliona kwao ambalo kwetu silioni. Mtu hapa akisema hataki tena kuishi, anakalishwa kitako, anasikilizwa. Daktari lazima aridhike kuwa ombi ni la mgonjwa mwenyewe na amelifikiri, mateso hayavumiliki, na hakuna tiba ya maana iliyobaki. Kisha aje daktari mwengine asiyehusika, na kwa maradhi ya akili atakiwe na bingwa wa maradhi hayo. Maombi mengi hayaishii kwenye kifo: mengine hukataliwa, na wapo wanaoyaondoa wenyewe.

Kwetu mtu huyo huyo huambiwa "Astaghfirullah, nyamaza, usikufuru!" halafu anaitwa shekhe amsomee. Sina ugomvi na kisomo, wengi kinawatuliza. Ugomvi wangu ni na hiyo "nyamaza". Na Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, ipo pale pale mjini, ina madaktari. Familia ngapi zinangoja mpaka mtu avunje vyombo ndipo zimpeleke, tena kwa kujificha majirani wasione?

Sheria yao ibaki kwao. Ninachotaka kifike Unguja na Pemba ni kule kuuliza: tangu lini unajisikia hivi, na kipi kinakuelemea zaidi? Watu wanaogopa kuwa ukimuuliza mtu kuhusu kujiua utamtia wazo hilo. Shirika la Afya Duniani linasema si kweli. Muulizeni, mwacheni amalize maneno yake, kisha mfuatane naye hospitali, hata kama anatembea na kula kama kawaida.