Usiniambie ajali haina kinga

Mama wa chai wa ofisi yetu amevunjika kifundo cha mkono. Aliteleza mbele ya lifti asubuhi, chupa mbili za chai mikononi, sakafu ikiwa imetoka tu kupigwa deki. Hata kabla hajatoka hospitali, mkubwa wetu alikuwa ameshatoa memo: wafanyakazi wote wanakumbushwa kuwa makini wanapotembea, wavae viatu vinavyofaa, na ikumbukwe kwamba ajali haina kinga. Sahihi, muhuri, ikabandikwa ndani ya lifti.

Nimeisoma memo hiyo nikipanda na nikishuka, nikitafuta neno "maji". Halimo. Sakafu haimo, deki haimo. Tuliomo ni sisi na viatu vyetu.

Mimi si mtu wa kubishana na wahenga, lakini aliyesema ajali haina kinga hakuwa akizungumzia kigae cha kung'aa kilichomwagiwa maji ya sabuni saa mbili kasorobo asubuhi, wakati jengo zima linaingia kazini. Hiyo ina kinga. Na kinga yenyewe ni rahisi kuliko kuandika memo.

Nairobi tumependa kung'aa, hilo tuseme kwanza. Tuliosoma bweni tulipaka nta saruji nyekundu, tukaisugua kwa blanketi kuukuu mpaka mwalimu wa zamu aridhike. Tukakua, tukapata pesa kidogo, landilodi akapata nyingi, tukahamia vigae. Tangu kiwanda kikubwa kifunguliwe Kajiado mwaka 2016, vigae havingojewi tena vishushwe melini Mombasa. Kuanzia Upper Hill hadi River Road, lango la jengo lisipometameta mwenyewe anaona haya.

Kigae hicho kikiwa kikavu hakina neno. Kikilowa, maji yanakaa kati ya soli na kigae, yanakosa pa kukimbilia kwa sababu uso ule hauna mikwaruzo, na kisigino kinatua juu ya maji badala ya sakafu. HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, wana vipimo vya jambo hili. Kwa maji safi matupu, sakafu ambayo kimo cha mikwaruzo yake hakifiki maikroni 10 ina hatari kubwa ya kuangusha watu. Ikivuka 20, hatari inakuwa ndogo. Maikroni 20 ni sehemu mbili za mia za milimita. Ukwaruzo ambao jicho halioni ndio uliokosekana pale mbele ya lifti. Na hapo tunasema maji safi. Sabuni bado.

Wala si siri ya wataalamu. Kwenye boksi nyingi za vigae kuna herufi R na namba, kuanzia R9 hadi R13, na namba ikipanda kigae kinashika mguu zaidi. Nenda maduka ya Mombasa Road uulizie. Mimi niliuliza, nikaulizwa kama ni mkaguzi wa serikali. Muuzaji akanirudisha kwenye rangi na maua. Fundi naye atakwambia kigae cha kukwaruza kinashika uchafu. Ni kweli, kinashika uchafu. Kinashika na watu.

Lakini vigae vyetu vishawekwa, na hakuna atakayevibandua kwa ajili ya mama wa chai. Kinachoniuma mimi ni deki, kwa sababu kuirekebisha deki karibu ni bure.

Nilimwendea mama anayesafisha ghorofa yetu, nikamuuliza kwa nini wasipige deki kabla watu hawajaanza kuingia. Alikamua tambara kwanza, ndipo akanijibu. "Mwanangu, mimi naandikiwa kazi kuanzia saa moja. Nikija mapema, nauli ya alfajiri nani ananirudishia? Na supavaiza akifika saa mbili akute pamekauka, ataniuliza nilikuwa wapi."

Hebu lirudieni jibu hilo polepole. Maji ndiyo ushahidi wake kwamba amefanya kazi! Sakafu iliyokauka haionyeshi jasho la mtu, iliyolowa inaonyesha. Kampuni ya usafi ina kandarasi na jengo, kandarasi inakaguliwa kwa macho, macho yanakuja saa mbili, na saa mbili ndiyo saa ambayo sisi sote tunapita hapo na mabegi yetu tukikimbilia kutia sahihi. Mama wa watu amewekwa mahali ambapo sakafu salama inaweza kumgharimu kibarua. Halafu tunambandikia memo.

Nikauliza, basi jioni? Jioni taa za korido zinazimwa mapema ili bili ya stima ipungue, na saa za ziada hazilipwi. Mchana? Mchana kuna wageni, na wageni wasione ndoo. Siku za mgao wa maji ndiyo usiseme. Anapewa ndoo moja kwa ghorofa nzima, maji yaliyoanzia mapokezi yanamalizikia jikoni, ya kusuuza hayapo. Sabuni inakauka pale juu ya kigae inangoja. Siku mvua ikinyesha, wa kwanza kuingia na viatu vilivyolowa anaiamsha, na mtu anaanguka mahali ambapo siku hiyo hapakupigwa deki kabisa. Kisha tunashangaa, tunasema labda ana presha.

Haya yote ni maamuzi. Kuna mtu aliamua saa ya kuanza, mwingine akaamua kuhusu taa, mwingine kuhusu ndoo. Na wote wameamulia kwenye ofisi zenye zulia.

Ningekuwa na kalamu ya huyo mkubwa, ningefuta maneno "sakafu iwe safi" kwenye kandarasi niandike "sakafu iwe safi na kavu ifikapo saa moja na nusu", nikalipa hiyo nusu saa ya alfajiri na nauli yake. Ningesema tambara likamuliwe vizuri, korido ipigwe deki nusu kwanza na nusu ibaki kavu watu wapite. Ningetafuta ndoo ya pili, ya kusuuzia. Na mlangoni ningeweka mkeka wa mpira, mrefu, wa kutosha kila mguu ukanyage zaidi ya mara moja kabla ya kufika kwenye kigae. Sisi mvua za masika zikianza tunapasua katoni tunalitandika mlangoni, tunajiona tumeshughulika. Katoni linakunywa maji kwa muda mfupi, likishashiba linageuka kuwa gari: unalikanyaga, mnaondoka pamoja.

Najua kuna atakayesema, mbona kibao cha njano kilikuwepo. Kilikuwepo, ndiyo. Kiko pale tangu nijiunge na ofisi hii, masika na kiangazi, pakiwa pamelowa na pakiwa pamekauka. Hakuna anayekisoma tena. Kibao cha tahadhari kinafaa kikiwekwa sakafu inapolowa na kuondolewa inapokauka; kikikaa mwaka mzima ni pambo. Ama ni kinga ya mwajiri, ili siku ya siku aseme tulikuonya.

Lingine hili limenichoma zaidi. Jioni ileile kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kukatumwa namba ya M-Pesa ya kumchangia mama hela za hospitali. Tulichanga. Mimi nilichanga na nitachanga tena, mama ni wetu. Mkubwa naye akaandika, "Asanteni kwa moyo wa umoja," na vile vimikono viwili vya dua. Moyo wa umoja! Sheria ya mafao ya majeraha kazini, ile WIBA ya 2007, inamtwika mwajiri gharama za matibabu ya aliyeumia kazini, pamoja na usafiri wa kumfikisha hospitali. Ajali inatakiwa iripotiwe kwa DOSHS, kurugenzi ya serikali ya usalama na afya kazini, na fomu ipo, DOSH/WIBA 1, si ya kutafutwa kwa tochi. Sisi tumelipa kwa M-Pesa, fomu haijajazwa, na kwa kumbukumbu za serikali mama wa chai hajawahi kuanguka. Mwaka ujao mtu akiuliza sakafu ile imewahi kumdhuru nani, jibu litakuwa hakuna. Hivyo ndivyo mchango wetu mzuri, wa roho safi, unavyoilinda ile sakafu ibaki vilevile.

Ati mama si mwajiriwa wetu, ni wa kampuni ya nje. Nimeambiwa hivyo kwa sauti ya chini, na mtu ambaye hunywa chai yake kila siku. Kuhusu fidia, wakabane wao kwa wao nani ni mwajiri. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Wote. Haikusema wale wenye beji ya bluu. Sheria hiyohiyo inataka sakafu, ngazi na vijia vijengwe imara na vitunzwe.

Haya, niseme na upande wa pili, ingawa shingo upande. Ndiyo, tuko wazembe. Kuna vijana hapa wanashuka ngazi mbilimbili wakijibu meseji. Kuna waliovaa viatu vya soli iliyolika wakingoja mwisho wa mwezi, na kuna dada zetu ambao visigino vyao hata kwenye lami ni majaribu. Memo haikukosea kutaja viatu. Ila mama wa chai alivaa raba bapa, za mpira, na hata hizo hazikumwokoa. Na kama mazungumzo ni viatu, sheria inamtaka mwajiri awape vifaa vya kujikinga, viatu vikiwemo, wanaofanya kazi ya kulowana maji. Wale mama wa deki wanafanya kazi na ndala walizonunua wenyewe. Nani aanze kuwa makini hapo?

Waya za eksitensheni zinazokatiza sakafu ya ofisi, nitaziacha. Vijana wa mjengo wanaoanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao na misumari, hao wanakufa, na kifo hicho kinahitaji makala yake yenyewe, si aya.

Ngazi lakini siwezi kuziruka. Mwaka 2012, New York, kwenye kituo cha treni cha 36th Street kule Brooklyn, jamaa mmoja alirekodi video ya watu wakijikwaa kwenye kipandio kilekile, mmoja baada ya mwingine, vijana kwa wazee, hadi baba aliyebeba mtoto. Kipandio kimoja kilikuwa kimezidi vingine kidogo tu kwa kimo. Mguu hukariri urefu wa ngazi baada ya hatua chache, ukidanganywa unagonga. Video ilipoenea ngazi zikafungwa zirekebishwe. Walijikwaa watu wengi, wasiojuana, mahali pamoja. Utawaambia wote wawe makini? Sasa panda ngazi za jengo lolote la mjini ambalo fundi aliishiwa na saruji karibu na ghorofa ya pili, utahesabu mwenyewe. Zetu zina kipandio kirefu mara tu ukiacha ghorofa ya kwanza, chuma cha kushikilia kinatikisika, na balbu iliungua zamani.

Nimeomba iundwe kamati ya usalama. Sheria inaitaka kwa mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na sisi tumepita hapo muda mrefu. Nimejibiwa kwamba wazo ni zuri ila kwa sasa hakuna bajeti. Bajeti ya nini? Hatujaomba hoteli Naivasha. Tutafanya mkutano palepale ngazini, mradi mtununulie balbu.