Wasifu wa marehemu usiwe barua ya kuomba kazi

Huku kwetu Mbeya wasifu wa marehemu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi, nje, kwenye moto wa wanaume. Mwandishi ni mpwa yeyote mwenye simu yenye chaji. Anauliza mwaka wa kuzaliwa, wazee wanabishana, wanakubaliana. Anauliza shule, ubatizo, kipaimara, ajira. Halafu wanafika kwenye ugonjwa, na hapo kila mtu ana la kuongeza: ulianza lini, alilazwa wapi, akahamishiwa wapi, alikata roho saa ngapi. Mwisho ameacha mjane, watoto na wajukuu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Wa baba yangu ulikuwa hivyohivyo. Nusu nzima ilihusu miezi yake ya mwisho, ambayo ilikuwa michache. Ndoa yake ilipewa mstari mmoja, wajukuu wakapewa idadi. Nilikuwa nimekaa chini na wanawake wenzangu, namsikiliza msomaji, nikawa najiuliza huyu anayezikwa ni nani.

Uongo haukuwamo. "Aliajiriwa na TAZARA hadi alipostaafu." Ni kweli. Lakini baba hakuanzia kwenye karakana ya Mbeya. Alianza kibarua akiwa kijana, reli ikiwa bado inajengwa, kwenye kipande cha Mlimba kwenda Makambako, ambako treni inapanda kutoka bondeni Kilombero na milima ilibidi itobolewe, handaki baada ya handaki. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, ilianza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, na vitabu vinawataja Nyerere, Kaunda na Mao. Baba alimtaja fundi mmoja wa Kichina aliyemfundisha kufunga nati kwa ishara za mikono tu, kwa sababu hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walichobahatika kuelewana ni namba. Mpaka uzeeni, akihesabu magunia ya viazi, alihesabu kwa Kichina: yi, er, san. Wajukuu wakaidaka. Ukipita nyumbani Uyole jioni ukawakuta wanacheza kombolela, anayefumba macho anahesabu Kichina kama babu yake. Hilo halikusomwa makaburini. Tulisomewa mwaka wa kustaafu.

Kosa liko kwenye namna tunavyouandika. Anayeandika yuko nje kwenye moto, na anayemjua marehemu kuliko wote yuko ndani kwenye mkeka, amefunikwa khanga, amezungukwa na mashangazi. Hakuna anayeingia kumuuliza mjane. Wanasema asisumbuliwe. Mimi naona anasumbuka zaidi kusikia mume wake anasomwa kama mtu wa kuomba nafasi ya ulinzi.

Baada ya kuanua matanga nilikaa na mama nikamwacha aongee. Wenyeji wa Uyole mnajua baridi ya Juni na Julai inavyouma. Baba ndiye aliyekuwa anatangulia kuamka. Anawasha jiko la mkaa barazani, anabandika maji ya mama ya kuoga, na kandambili za mama anazisogeza karibu na jiko zipate joto. Maji yakiwa yanachemka anamenya viazi vya chai kwa kisu chake kidogo cha kukunja, ganda moja refu lisilokatika, na likikatika anaguna kama kaibiwa. Majirani walimcheka, mwanamume gani huyu wa jikoni. Hakujibu. "Baba yenu alikuwa na kelele," mama akaniambia, "lakini maji nilikuta yamechemka."

Kelele zilikuwepo kweli, na nazo nilitaka zisomwe. Tukisafiri kwenda Tukuyu, mwendo mfupi tu, alitufikisha stendi mapema kiasi kwamba konda hajaamka, akatugombeza tulivyo wazito. Na kwa ajili ya mpaka wa shamba la viazi alinuniana na mdogo wake miaka. Najua mtaniambia marehemu hasemwi vibaya. Nakubali, aibu za mtu zizikwe naye. Ila kuna tofauti kati ya aibu na tabia. Ukimsafisha mtu kupita kiasi anabaki "alikuwa mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu", maneno ambayo wiki iliyopita yalisomwa kwa jirani, na jirani huyo mtaa mzima tunajua hakuwa mcheshi.

Wengine watasema muda hautoshi, kaburi linasubiri. Muda upo, unaliwa na mashada. MC anatangaza kuwa itifaki imezingatiwa, halafu anaisoma yote. Wakwe wanaweka shada, majirani wanaweka, kikundi cha kuweka na kukopa kinaweka, mwanasiasa aliyechelewa anapewa kipaza sauti. Mjukuu aliyelelewa na babu yake hapewi hata dakika mbili, eti ni mtoto.

Ningekuwa na sauti kwenye vikao vya msiba ningeomba wasifu uanze kuandikwa mzee angali hai, na wajukuu ndio waiwashe simu warekodi. Sisi watoto tukimuuliza baba habari zake anahisi tunanusa urithi. Mjukuu akiuliza "babu, ulimpataje bibi?" anasimuliwa mpaka bei ya baiskeli aliyoazima kwenda kujitambulisha ukweni.

Mwezi Agosti tunaweka msalaba. Safari hii mama ametamka mwenyewe, mwanangu ameandika. Baba mdogo aliposomewa aliomba sehemu ya mpaka wa shamba itolewe, mama akakubali. Akaomba na habari ya kumenya viazi itolewe, kwamba inamshushia kaka yake heshima, mama akakataa. Mzee wa kanisa naye kaupitia, kasema ni mzuri ila ni mrefu, tuufupishe. Tumefuta hospitali zote.