Kupanda Kwale au kunyooka na Lunga Lunga: hatari ya mwenye baiskeli iko wapi?

Wanaoendesha baiskeli za mbio kutoka Mombasa wana ubishi wao wa Jumamosi jioni, nao haujaisha tangu niujue. Kesho alfajiri tukishavuka feri ya Likoni, tunyooke na barabara ya Lunga Lunga hadi Ukunda na Msambweni, au tukunje kulia pale Kombani, tupande milima ya Shimba hadi Kwale, na wenye mapafu washuke ng'ambo ya pili kuelekea Kinango? Siku hizi ubishi umepata uzito zaidi, kwa sababu wageni wa Diani nao huuliza njia, na atakayewaelekeza ndiye atakayelaumiwa likitokea la kutokea.

Upande wa tambarare una hoja, tena si za mzaha. Barabara imenyooka, dereva anakuona kutoka mbali. Pancha ikikupata Waa au Tiwi, hukosi fundi wala kivuli cha duka. Ukianguka, gari la kukufikisha hospitalini halitakawia. Milimani, wanasema, lami ni nyembamba, kona ni kipofu, pembeni ni mtaro, na ukivuka mji wa Kwale unaingia bonde lililo kati ya hifadhi ya Shimba Hills na ile ya Mwaluganje, ambako ndovu hawajawahi kusoma alama za barabarani. Mtu mzima mwenye watoto, wanamalizia, haendi kutafuta kifo Jumapili asubuhi.

Nimewahi kuyasema hayo mwenyewe. Kilichonigeuza ni hesabu moja ya Shirika la Afya Duniani ambayo hunukuliwa kila mahali na kupitwa kama bango la soda: wastani wa mwendo wa magari kwenye barabara ukipanda kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4. Mmoja kwa nne. Msomaji hutikisa kichwa na kuendelea. Lakini hizo nne hazijumlishwi tu, zinazaliana. Chukua barabara ambayo magari yalikuwa yakienda 60 kwa saa, kisha ikapigwa lami nzuri, yakawa yanakwenda 80. Mwendo umeongezeka kwa thuluthi moja. Vifo havikuongezeka kwa thuluthi. Ukifuata kanuni hiyo, hatari yake imekuwa takriban mara tatu. Na hiyo 80 si mwendo wa wahuni. Ndiyo kikomo halali cha matatu na malori nchini Kenya, ndipo vidhibiti mwendo vinapofungiwa. Gari dogo lina ruhusa ya kuzidi hapo. Kwa hiyo unaponiambia barabara ya Lunga Lunga ni salama kwa kuwa imenyooka, mimi nasikia kwamba imenyooka, basi kila mtu anakimbia.

Tuishushe hesabu hii hadi kwenye tandiko la baiskeli. Huku tambarare unakwenda 30 kwa saa, matatu inakuja nyuma yako kwa 80. Inakukaribia kwa 50, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikuona kwa umbali wa mita 100, ana sekunde saba za kuamua. Zinatosha, ikiwa anatazama mbele na si simu, na ikiwa hakuna lori linalokuja upande wa pili. Sasa njoo mlimani, kwenye mpando wa Golini. Wewe unatambaa kwa 12, lori la mchanga liko gia ya pili, linajikongoja kwa 25. Linakukaribia kwa mita tatu na nusu hivi kwa sekunde. Hata kona ikikuficha mpaka zibaki mita 30, dereva ana sekunde nane. Kona ile ile inayoogopwa imempa muda mrefu kuliko barabara iliyonyooka! Na lori lenyewe ulikuwa umelisikia likinguruma tangu bondeni, ukajua kabisa ni zito na linachoka kama wewe. Nimewahi kupanda nalo sambamba kwa zaidi ya dakika moja, taniboi ameinamisha kichwa dirishani ananihesabia pumzi, "Bado kidogo, mzee, bado kidogo," mpaka nikamwomba aninyamazie nisije nikacheka nikaanguka.

Hapa mbishi makini atanikamata, na ana haki. Hesabu yangu ni ya lori. Gari dogo lenye injini nzuri linaupanda mlima ule kwa 60 bila kutoa jasho, na kwa mita zile zile 30 dereva wake amebakiwa na sekunde mbili na kidogo. Ni kweli, na sina jibu la kuipunguza. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa idadi, magari ya namna hiyo ni machache mlimani asubuhi ya Jumapili kuliko pwani, na kwamba tuta moja lililowekwa kabla ya kona huirudisha ile 60 kuwa 30. Kwenye barabara kuu inayokwenda mpaka wa Tanzania, ni nani atakayekuruhusu kuweka tuta kila nusu kilomita?

Hoja nzito zaidi ya upande wa pili ni kwamba aliyepanda lazima ashuke. Kutoka Kwale hadi Kombani kuna mshuko wa zaidi ya mita 300. Mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 85, nguvu yote ile ya kushuka, kama ingezuiwa na breki peke yake, ingetoa joto la kuchemsha zaidi ya robo tatu ya lita ya maji. Sufuria ya chai ya watu watatu, yote kwenye rimu mbili nyembamba. Asiyejua huikumbatia breki mwanzo hadi mwisho, mpira unalainika, vidole vinakufa ganzi, na kona ya mwisho inamkuta hana kitu mkononi. Ukitaka kujua kwa nini watu huanguka pale, hutalazimika kumtafuta dereva wa kumlaumu.

Lakini tazama hii hatari ilipo. Iko mkononi mwa anayeendesha. Breki hukamatwa na kuachiwa, hukamatwa na kuachiwa, mwendo hupunguzwa kabla ya kona na si ndani yake. Haya hufundishika asubuhi moja. Hatari ya tambarare iko mguuni mwa mtu mwingine, mgeni kwako, aliye nyuma yako, na hakuna darasa la baiskeli litakaloufikia mguu wake.

Na walimu wapo. Tunazungumza kana kwamba sisi wa kofia ngumu na chupi zenye sponji ndio tuliovumbua kuendesha baiskeli Kwale. Siku moja nilikuwa nashuka, nikamkuta mbele yangu kijana juu ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ya kubebea mizigo, amefunga magunia mawili ya nazi kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Breki ya nyuma haikuwepo kabisa. Chuma chake kilikuwa kimefungwa kwa waya kisipige kelele. Alipokaribia kona alishusha mguu wa kulia taratibu, akaiweka soli ya akala yake kwenye tairi la nyuma, akakandamiza, raba juu ya raba, mpaka moshi mwembamba ukatoka na harufu ikanifikia. Aliipita kona kwa mwendo wa mtu anayetembea, akainua mguu, akaachia. Mimi, na breki zangu za bei ya ng'ombe, nilikuwa nimeingia kona ile ile kwa kasi mara mbili yake.

Wenye njia ni hao, na malalamiko yao ndiyo ningependa yasikilizwe zaidi ya ubishi wetu. Mama aliyebeba mtungi hasikii baiskeli ya mbio ikija. Haina injini, mara nyingi haina hata kengele. Tunateremka vijijini kwa 50, watoto wanavuka kwenda madrasa, sisi tunapiga kelele "Pembeni!" kama vile barabara ni mahari tuliyolipiwa. Kama kanuni ya mmoja kwa nne inamhusu dereva wa matatu, inatuhusu na sisi.

Kuhusu ndovu sitasema mengi. Pita jua likishatoka na kabla halijazama, usipite gizani, waulize walinzi kwanza, na ukimwona ndovu simama mbali na urudi ulikotoka. Watu wa Kinango wanaishi hivyo kila siku.

Kuna wanaotoa mfano wa Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, wanaume wakapandishwa vilima hadi wakamaliza 30 tu. Tukauze vilima vyetu hivyo hivyo, wanasema. Mfano mzuri, ila Kigali barabara zilifungwa. Golini haifungwi, na haifai ifungwe kwa ajili yetu.

Kinachowezekana ni kidogo na rahisi. Anayepanda hutambaa na kuyumba, ndiye anayehitaji nafasi. Anayeshuka anakwenda karibu sawa na magari, anaweza kukaa katikati ya njia yake akaonekana. Kwa hiyo pesa ya kupanua barabara pande zote mbili ikikosekana, ipanuliwe upande wa kupanda peke yake, mita moja na nusu ya lami kutoka Kombani hadi juu. Upande wa kushuka usiongezwe hata inchi. Kijana wa nazi akirudi nyumbani jioni anapanda kwa miguu, anaisukuma baiskeli yake tupu kwenye nyasi za ukingoni, na mita hiyo na nusu ingekuwa yake kwanza.