Kabla ya Kamera Mpya, Mlipeni Msimamizi wa Uzalishaji

Kampuni ndogo za filamu za Mtwara na Lindi, ambazo aghalabu ni kundi la watu wachache wanaogawana kazi zote, hupima uwezo wao kwa kamera na lenzi. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza ingepaswa kumlipa msimamizi wa uzalishaji, asiyeongoza wala kuigiza, ambaye kazi yake ni kujua nani anatakiwa wapi kesho, saa ngapi na akiwa na vifaa gani. Mwongozaji anayehangaika na mwigizaji aliyeshindwa kulia hawezi wakati huohuo kukumbuka mafuta ya jenereta.

Ratiba ya huku ina masharti yake. Onyesho la ufukweni Mikindani hupangwa kwa kufuata maji, ambayo kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Ukipiga nusu ya onyesho asubuhi maji yakiwa yamekupwa, kisha ukarudi baada ya wiki moja saa ileile, utakuta yamejaa, na hakuna mhariri atakayeziunganisha picha hizo mtazamaji asigundue. (Mvuvi yeyote angekueleza hayo bure.) Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, waigizaji wa vijijini wako mashambani au kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, na magari ya kukodi ni ya kugombania. Msimamizi mzuri huuchambua muswada mapema, akayakusanya maonyesho yote ya mahali pamoja ili yapigwe kwa mfululizo, hata kama katika hadithi yameachana kwa miaka.

Vibali navyo ni vyake, kikiwemo cha Bodi ya Filamu, ambacho hutafutwa kabla ya kupiga picha. Kila jioni huhakikisha picha zimenakiliwa kwenye diski mbili zinazolala nyumba tofauti, na kadi ya kamera haifutwi mpaka mhariri athibitishe kwamba mafaili yanafunguka.

Wapo watakaosema kampuni changa haimudu mshahara huo. Wahesabu basi gharama ya siku moja iliyoharibika: chakula, gari, jenereta na posho za watu waliokaa kivulini bila kazi. Alipwe tangu siku anapokabidhiwa muswada, si siku kamera inapowashwa, na awe na mamlaka ya kumkatalia mwongozaji.